Marudio ni ya Nani?

Wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Kanda ya Ziwa wakikutana na viongozi, ombi huwa lilelile: mitambo. Wakopeshwe mitambo, waache kuponda mawe kienyeji. Ni ombi la haki, ila linaruka hatua. Mashine za kusagia mawe zimejaa Geita, Kahama hadi Chunya. Nyingine zimechomelewa na mafundi wa mjini, nyingine zimeshuka kutoka China. Kinachokosekana ni sababu ya kumfanya mwenye mashine atake mashine nzuri.

Tuingie mwaloni, mahali mawe ya dhahabu yanaposagwa na kuoshwa. Karasha la kawaida ni pipa la chuma lililolazwa, ndani lina gololi, nje lina mkanda unaovutwa na injini ya dizeli au mota ya umeme. Mawe huvunjwa kwanza kwa nyundo, mara nyingi na akina mama, kisha humiminwa ndani ya pipa na kusagwa yakiwa makavu. Pipa likifunguliwa, vumbi jeupe huwatanda wasagaji hadi kwenye kope, na kinga yao ni kitambaa kilichofungwa puani. Hilo ni vumbi la silika, linaloua mapafu taratibu na kuifungulia mlango TB. Unga unaotoka huoshwa kwenye bao la mteremko, kinachonasa hapo kinakandwa na zebaki ili dhahabu ishikane, na tope linalobaki huitwa marudio.

Katika mialo mingi, marudio ni ya mwenye karasha. Ndiyo malipo yake, pengine pamoja na ada ndogo kwa kila kiroba. Na hapo ndipo penye biashara yenyewe.

Tuseme tani moja ya mawe ina gramu 10 za dhahabu. Zebaki hukamata ile iliyokwisha kuachana na jiwe tu, na mara nyingi haifikishi nusu. Tuipe gramu 4. Sita zinabaki kwenye marudio, zinapelekwa kwenye matangi ya sayanaidi, na huko nyingi hutoka. Mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, ambaye amelisha vijana wake miezi, amenunua magogo ya kuegemeza kuta, amekodi pampu ya maji na kumkatia mwenye leseni mgao wake, anaondoka na zile nne.

Sasa nenda kamshawishi mwenye karasha anunue mashine inayosaga laini zaidi, ili dhahabu nyingi iachane na jiwe mapema. Ainunue ya nini? Kila gramu itakayoonekana kwenye bao mbele ya mteja ni gramu iliyopungua kwenye rundo lake. Mashine mbovu inamlipa. Ndiyo maana nasema soko la mitambo hii halijadumaa kwa ujinga wa wachimbaji, wala kwa uhaba wa mikopo peke yake. Limedumazwa na mkataba usioandikwa.

Lipo tatizo la vipuri pia, nalo si dogo. Dhahabu ya huku hukaa kwenye mwamba wa kwatzi, ambao ni mgumu kuliko chuma cha kawaida, kwa hiyo kila siku ya kusaga ni siku ya kulika kwa gololi na kuta za pipa. Fundi wa kuchomelea anaweza kuunda pipa zuri. Chuma cha manganizi cha kuhimili kazi hiyo hakiundi. Shirika la viwanda vidogo, SIDO, lipo tangu 1973, na TEMDO ya Arusha, taasisi ya kubuni mitambo, tangu 1980; kazi ya kuunda vipuri hivyo ingewafaa kuliko kutengeneza mashine nzima kwa ajili ya maonesho ya Sabasaba.

Mwenye karasha naye ana utetezi wake, na tumsikilize. Mchimbaji akileta mawe yasiyo na kitu, dizeli imeshaungua na marudio ni mchanga mtupu. Kwa kukubali kulipwa marudio, anamsagia mtu asiye na senti mfukoni. Piga marufuku utaratibu huo kesho, atadai fedha taslimu kabla ya kuwasha injini, na wa kwanza kufungiwa nje atakuwa mchimbaji maskini kuliko wote. Kwa hiyo siungi mkono marufuku.

Ninachounga mkono ni kipimo. Mwaka 2019 serikali iliwaondolea wachimbaji wadogo VAT ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5, na masoko ya madini yakaanza kufunguliwa, Geita likitangulia. Sokoni dhahabu hupimwa hadharani na bei hujulikana. Mwaloni, kilichobaki kwenye tope hakipimwi na yeyote mbele ya mwenye mawe. Sampuli ya marudio ichukuliwe pande zote mbili zikishuhudia, ipelekwe maabara, gharama ya kusaga ikatwe, kinachozidi kigawanywe.

Watasema mialo ni mingi na wakaguzi hawatoshi. Kweli. Basi kuanziwe pale ambapo serikali tayari ina mkono: vituo vya mfano vya STAMICO, Shirika la Madini la Taifa, vya Lwamgasa, Katente na Itumbi, vilivyojengwa kuonesha uchenjuaji usiotumia zebaki. Halafu sharti hilohilo liwekwe kwenye kila mkopo wa karasha unaobebwa na dhamana ya umma: anayekopa akubali marudio yapimwe. Asiyetaka kupimiwa akanunue mashine kwa fedha yake.