Leseni ya Kukutanisha Watu

KIBARAZANI, na Zuhura Mbwana

Vijana wetu wenye mtaji mdogo na marafiki wengi wameingia kwenye biashara mpya: kuchukua leseni ya klabu ya hafla kutoka ng'ambo na kuifungulia tawi hapa Dar es Salaam. Klabu hizi zinauza mwaliko. Mwanachama analipa ada ya mwaka, kisha kila kunapokuwa na chakula cha jioni, matembezi ya Pugu au boti ya kwenda Mbudya, analipia nafasi yake, na huko anakutana na watu ambao asingekutana nao ofisini wala msibani. Siipingi biashara hii. Mji unapokea wahamiaji wa kazi kila mwezi, watu wazima wasio na shangazi wala jirani wanayemfahamu, na upweke wao ni wa kweli. Kinachonitia hofu ni mikataba.

Hivi karibuni binti wa dada yangu aliniletea rasimu ya mkataba kama huo. Kurasa za mwanzo zinavutia: jina, nembo, mafunzo, programu ya kuuzia tiketi. Karibu na mwisho kuna kifungu kifupi kisemacho kuwa orodha ya wanachama ni mali ya kampuni mama, na kwamba mkataba ukivunjika mwenye leseni atakabidhi majina na namba zote, kisha kwa miaka miwili haruhusiwi kuendesha hafla za wanachama popote nchini. Nilimsomea kwa sauti, nikarudia. Watu anaotegemea kuanza nao ni aliosoma nao, anaoimba nao kwaya, wanaonunua vitenge dukani kwa mama yake. Hao ndio atakaotakiwa kuwakabidhi.

Mfano mkubwa wa biashara ya aina hii ulianzia Paris mwaka 1988. François Pasquier aliwaalika marafiki zake kula pamoja katika bustani ya Bois de Boulogne, akawaambia wavae nyeupe ili watambuane. Chakula kile kikawa desturi ya kila mwaka, iitwayo Dîner en Blanc. Mwaka 2009 mwanawe Aymeric akaipeleka Montreal, na baadaye ikaundwa kampuni ya kutoa leseni kwa waandaaji wa miji mingine. Mgeni wa Dîner en Blanc hubeba mwenyewe meza, viti, kitambaa cheupe na kapu la chakula, na mahali pa kukutania hutajwa dakika za mwisho. Aliyehudhuria mwaka jana huitwa kwanza, kisha aliyedhaminiwa na mwanachama, kisha wa orodha ya kusubiri. Ni mpango uliofikiriwa vizuri, na nauheshimu.

Lakini ulipofika Singapore mwaka 2012, waandishi wa chakula wa pale walipendekeza watu wabebe vyakula vya kwao vyenye weupe, kama wali wa kuku na tau huay, ile tofu laini wanayokula kwa sukari. Wakaambiwa havilingani na hadhi ya hafla. Watu wakawaka. Fikiria mtu anakuambia, katika mji wako, kwamba mkate wa kumimina na maandazi havifai kuwekwa kwenye meza yenye kitambaa cheupe. Jina lilitoka mbali, ila hasira iliwaangukia waandaaji wa pale pale, na ndio waliolazimika kujieleza hadharani. Kwa hiyo mkataba useme wazi ni nani mwenye kauli ya mwisho juu ya chakula, mavazi, muziki na saa ya kuanza. Klabu itakayopanga chakula cha jioni magharibi ya Ramadhani bila kujali futari haitafika mwaka wa pili.

Pwani hii si ngeni kwa mambo haya. Ngoma ya beni ilianza pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, ikashuka hadi Tanga na Dar es Salaam, na vita ya 1914 hadi 1918 ikaisambaza bara pamoja na askari na makarani. Vyama vyake vya Marini na Arinoti vilikuwa na matawi mji kwa mji, na viongozi wenye vyeo vya mfalme na jenerali. Wanachama walichanga, wakashona sare, wakashindana kwa magwaride na karamu. Aliyehamia mji mwingine alipokewa na tawi la huko, na akifa walimzika. Jina lilisafiri, na kila tawi likabaki la wenyeji wake. Kule Unguja, klabu ya Ikhwani Safaa iliundwa mwaka 1905 na hadi leo inapiga taarabu.

Fedha nazo zinahitaji macho. Wanachama watalipa kwa shilingi, leseni inadaiwa kwa dola. Mrabaha unaokwenda nje hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 15, na kampuni mama ikiandika kwamba lazima ipokee kiasi kamili bila makato, kodi hiyo inahamia kwako: ili wapate shilingi 1,000,000 wewe unatoa karibu 1,176,000. Uliza pia kama nembo imesajiliwa BRELA, na ukitaka kufanya hafla Zanzibar, kumbuka usajili wa kule ni mwingine. Kuhusu majina na namba za watu, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Haziwezi kuvushwa mpaka kiholela kwa sababu tu mtu wa ng'ambo ameandika kwamba ni zake.

Nimemshauri binti yetu aombe mambo matatu: mrabaha uhesabiwe kwa faida badala ya mauzo ghafi, kauli ya mwisho juu ya desturi iwe yake, na mkataba ukiisha kila mwanachama aulizwe mwenyewe anabaki na nani. Rasimu ameirudisha ikiwa na masharti hayo. Wakilikataa hilo la mwisho, nitamsihi afungue klabu kwa jina lake mwenyewe, na ada ya kwanza nitalipa mimi.