NGOMA SI PAMBO LA KUPOKELEA WAGENI

Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, wageni wakubwa wamekuwa wengi hapa kwetu, na ngoma za kuwapokea ni nyingi vile vile. Akina mama wa muheme hupangwa juani tangu asubuhi, ngoma zao wamezibana mapajani. Mgeni akifika wanapiga dakika tano, wanapigwa picha, wanapewa soda, wanarudishwa kijijini kwa lori. Kisha wakubwa huingia ukumbini kuhutubia juu ya "utamaduni wa Mwafrika". Sisi wa Majengo tunasema: huo si utamaduni, hilo ni pambo.

Tena tunauliza: Mwafrika yupi? Maana wasemaji hao huzungumza kana kwamba bara zima lina ngoma moja, vazi moja na desturi moja. Hayo ni mawazo ya mkoloni. Yeye ndiye aliyetutia sote katika kapu moja, akaandika juu yake "washenzi". Sisi tumelifuta neno, lakini kapu tumelibakiza.

Anayetaka kuijua Afrika asiende mbali. Atoke hapa Majengo, ashike barabara ya Kondoa. Atawakuta Wagogo na Warangi, wasemao lugha za Kibantu. Atawakuta Waburunge, ambao lugha yao ni ya Kikushi, jamaa ya lugha za Ethiopia na Somalia. Atawakuta wafugaji wa Kibarbaig na Kimasai, wasemao lugha za Kiniloti, jamaa ya zile za Sudan Kusini. Nao Wasandawe wana lugha yenye vidoko, ambayo wataalamu mpaka leo wanabishana juu ya asili yake. Na kule Kolo, penye michoro ya miambani iliyotiwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, watu bado huenda kuomba mvua. Huyo ndiye Mwafrika: si mmoja, ni wengi, nao ni majirani.

Wako watakaosema, "Mnaleta ukabila." Hapana! Ukabila ni kumpa mtu kazi, au kumnyima, kwa sababu ya kabila lake. Mtoto wa Kisandawe akijua lugha ya bibi yake hakumnyang'anya mtu haki. Kiswahili kimetuunganisha, nasi tunakipenda. Hata Umoja wa Afrika ulikikubali kuwa lugha yake ya kazi mwaka 2022. Lakini daraja huunganisha kingo mbili. Kingo zikibomoka, daraja la nini?

Nchi ilipokuwa Jamhuri, Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alitangaza wizara ya utamaduni, ili tuache kuvionea haya vitu vyetu. Hata hivyo, mwaka 1968 Wamasai waliamriwa na viongozi wa wakati huo waache mavazi yao, ati nchi ionekane imeendelea. Kuusifu utamaduni jukwaani ni rahisi. Kazi ni kumheshimu jirani aliyevaa lubega.

Marehemu Hukwe Zawose, mzaliwa wa Doduma katika mkoa huu huu, alipiga zeze na ilimba mpaka Ulaya, na watu waliketi kumsikiliza. Hapa nyumbani warithi wake wanapigishwa kando ya barabara, magari yakipita. Je, hiyo ndiyo heshima?

Basi tunataka mambo matatu. Kwanza, wapiga ngoma walipwe kama wanavyolipwa wapiga dansi, tena wakae kivulini. Pili, wazee wa kila lugha waitwe shuleni wafundishe masimulizi na nyimbo zao, wala mtoto asiadhibiwe kwa kusema lugha ya kwao. Tatu, kila tawi lianze kwake. Wanachama waketi na majirani wa makabila mengine, wasikilize ngoma zao pasipo mgeni rasmi wala kamera.

Umoja wa watu wasiojuana ni umoja wa jina tu. Tujuane kwanza.

Uhuru na Umoja!