Fundi, anza na ulichogusa!

Jumamosi nilipeleka gari gereji moja hapa Machakos. Servisi ya kawaida tu: oili, filta ya oili, filta ya hewa, plagi. Liliingia likinguruma vizuri. Kufika saa nane mchana, stata inazungusha injini kwa nguvu, betri haina shida, lakini moto haushiki.

Unajua fundi aliniambia nini? "Bosi, hiyo ni pampu ya petroli. Imechoka."

Jamani! Ilichoka saa ngapi, wakati wa chai?

Kazi yangu ni kuandika programu. Programu iliyofanya kazi asubuhi ikigoma mchana, swali la kwanza ni moja: nani amegusa nini? Hatukimbilii kununua seva mpya. Tunarudisha mabadiliko nyuma, moja baada ya jingine, mpaka tufike palipoharibikia. Gari lililotoka servisi ni hivyo hivyo. Vichwa vya betri vimekazwa? Koili zimerudishiwa soketi zake? Kuna waya gani karibu na filta ya oili? Dakika kumi, bila senti tano.

Na msiniletee habari ya uzoefu wa miaka ishirini. Nauheshimu. Lakini Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8, kwa hiyo magari yanayoshuka Mombasa siku hizi yana kompyuta inayoweka kumbukumbu ya hitilafu zake. Kukataa kuiuliza, halafu ukabahatisha kwa pesa za mwenye gari, huo si uzoefu. Ni ukaidi.

Nina kile kifaa cha ELM327 kinachochomekwa chini ya dashibodi na kuongea na simu kwa Bluetooth. Kikatoa P0335: ishara ya sensa ya krenki haifiki. Bila ishara hiyo kompyuta haijui pistoni ziko wapi, na plagi hazipati moto. (Angalia, namba hiyo haisemi "nunua sensa". Inasema saketi ina tatizo, na inaweza kuwa ni waya tu. Wapo wanaobahatisha hata wakiwa na mashine mkononi.)

Nikalala chini na tochi. Soketi ya sensa ilikuwa inaning'inia, karibu kabisa na filta mpya. Nikaibana. Gari likawaka papo hapo.

Fundi akafuta mikono kwa kitambaa, akaniambia: "Lakini bosi, hiyo pampu usiisahau."