Kasaba: kabla ya kusema ni hukumu, tuangalie mlima

Usiku wa tarehe 8 kuamkia 9 Mei 2025, mvua kali ilinyesha milimani, na mto ukaingia katika kijiji cha Kasaba, sekta ya Ngandja, hapa Fizi, watu wakiwa wamelala. Maji yalileta mawe makubwa, miti na matope. Watu zaidi ya 60 walikufa, wengi wao watoto na wazee.

Wapendwa, mpaka leo kuna wanaosema, hata mimbarani, kwamba ilikuwa hukumu ya dhambi za kijiji kile. Yesu alipotaja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu (Luka 13), alikataa kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine. Mahubiri ya namna hiyo yanaumiza wafiwa, tena yanatuzuia kuuliza: kwa nini pale?

Ardhi ya Afrika Mashariki inavutwa pande mbili, milimita chache tu kwa mwaka, tangu mamilioni ya miaka. Katikati ilivunjika ikashuka, ikawa Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470 hivi. Kandokando ikainuka, ikawa milima yetu. Ubwari, tunayoiona ng'ambo kutoka Baraka, ni kipande kilichobaki juu pande zake mbili ziliposhuka. Kazi hiyo haijaisha: tetemeko la Desemba 2005 lilianzia ziwani, upande wa Kalemie.

Ndiyo maana milima yetu ni mikali na iko karibu sana na ziwa. Mvua ya juu inakusanyika katika makorongo membamba, inashuka ikikokota mawe, na ikifika chini inatua mzigo wake. Ile tambarare yenye udongo mzuri kwenye mdomo wa mto, tunapopenda kujenga, imeletwa na mafuriko ya zamani.

Ni rahisi kuwaambia watu wahame. Wahamie wapi? Wengi walishuka kutoka vijiji vya juu wakikimbia vita, na ziwa nalo limepanda miaka hii, likameza nyumba za ufukweni. Lakini sisi makanisa mara nyingine tuna nafasi ya kuchagua. Nimekaa katika kikao tulichochagua kiwanja cha kanisa kwa sababu kilikuwa tambarare na bei ndogo. Hakuna aliyeuliza mto ulipita wapi zamani. Wazee wa kijiji wangetuambia. Na mawe makubwa ya mviringo katikati ya mihogo hayakuota pale.

Kabla mvua hazijarudi, kila kanisa lililo karibu na korongo lichague vijana wa kukesha usiku wa mvua, wenye filimbi au ngoma. Mto ukipungua ghafla huku mvua inanyesha, pengine umezibwa juu na matope. Msingoje, amsheni watu, wapande pembeni, mbali na mto.