Baraza Limevunjwa, Deni Halikuvunjwa



Wahenga walinena kwamba dawa ya deni ni kulipa. Hawakusema kwamba dawa yake ni kubadilisha jina la ofisi. Lakini ndivyo walivyojibiwa wengi waliofagia masoko na kuzoa taka za miji yetu: baraza mlilolitumikia halipo tena.

Tukumbuke yaliyotukia. Baada ya uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013, mabaraza 175 ya serikali za mitaa nchini Kenya yalifikia kikomo, na serikali za kaunti 47 zikashika mahali pake. Mabaraza hayo yaliacha madeni: mishahara, michango ya pensheni iliyokatwa bila kuwasilishwa, na malipo ya wakandarasi. Mamlaka ya Mpito, iliyoundwa kwa sheria ya 2012, ilipewa kazi ya kuorodhesha mali na madeni. Muda wake ulikwisha mwaka 2016, kazi ikiwa haijakamilika.

Kaunti zilipokea masoko, vituo vya magari na majengo, na ushuru wake zinautoza. Ukipenda boga, penda na ua lake. Katiba yenyewe, katika Jedwali la Sita, kifungu cha 33, huitambua taasisi mpya kuwa mrithi halali wa ile iliyoitangulia. Anayerithi shamba hawezi kuukana mzigo wake.

Viongozi hutuambia kwamba baadhi ya madai ni ya uongo. Ni kweli kwamba hesabu za mabaraza hazikuwa safi, na fedha za umma hazipaswi kumlipa mlaghai. Basi ukaguzi ufanywe. Lakini ukaguzi usio na mwisho ni njia ya adabu ya kukataa kulipa. Kadiri siku zinavyopita hati hupotea, mashahidi hufariki, na hata hukumu ya mahakama haitekelezeki baada ya miaka 12.

Zaidi ya hayo, sheria hairuhusu mali ya serikali kunadiwa kwa sababu ya deni. Aliyeshinda kesi hulazimika kupata cheti cha mahakama, kisha arudi kuomba amri ya kumshurutisha ofisa mhusika alipe. Mkandarasi tajiri ana wakili wa kumwendea njia hiyo. Mfagiaji ana nani?

Kwa hiyo twasema: malipo yaanze na ujira wa wanyonge. Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, humwagiza mwajiri amlipe kibarua maskini kabla jua halijatua. Kwa watu hawa jua limetua mara nyingi mno.

Kila Jumuiya Ndogo Ndogo iwatambue wanaodai, wakiwamo wajane na yatima wa waliofariki. Barua za ajira na hati za mishahara zikusanywe, madai yapelekwe kwa pamoja, na nakala iliyopigwa mhuri wa kupokelewa ihifadhiwe. Wananchi wanapoitwa kutoa maoni kuhusu bajeti ya kaunti, twende, tuulize deni hilo limeandikwa ukurasa gani.

Nasi viongozi wa parokia tujihoji kwanza: je, katekista wetu na mlinzi wa usiku wamelipwa? Anayedai haki kwa mwingine na aanzie nyumbani kwake.