Ala Hutengenezwa na Fundi, Huhuishwa na Mpigaji

Kipya kinyemi, walinena wahenga, ingawa kidonda. Lakini huko Marekani na Ulaya siku hizi kilicho kinyemi ni kikuukuu. Watu hutoa fedha nyingi kununua magitaa ya miaka ya 1920 na 1930 yaliyokuwa yametupwa darini, wakayapeleka kwa fundi yakazibwa nyufa, yakanyoshwa shingo na kutiwa nyuzi mpya. Miongoni mwayo ni gitaa la tenori, lenye nyuzi nne badala ya sita. Na yale ya fahari zaidi uso wake umechongwa ukabinuka kama wa fidla.

Gitaa hilo lina kisa chenye funzo. Wakati ule wapigaji wengi wa bendi za jazi walikuwa wakipiga banjo ya nyuzi nne. Mambo yalipogeuka na gitaa likapendwa, viwanda kama Gibson vilitoa gitaa la nyuzi nne, zikikazwa kwa sauti zile zile za banjo, ili mtu abadilishe ala bila ya kubadilisha vidole. Basi ala ndiyo iliyomfuata mpigaji.

Na sisi je? Mtazame msomaji Sangailu, upande wa Ijara katika Kaunti ya Garissa. Kusini yake ni msitu wa Boni na Lamu; mashariki ni Somalia. Hapo ndipo ndugu wawili wa ala ya nyuzi wanapopakana. Upande wa Lamu ni kibangala, ambacho wengine hukiita gambusi: mti mmoja hukombwa, na tumbo likawambwa ngozi. Upande wa Wasomali ni kaban, ambayo ni udi ule ule wa Waarabu, uso wake mbao.

Wala wasidhani watu kwamba kila nchi imejitungia ala yake peke yake. Abdullahi Qarshe, ambaye Wasomali humhesabu kuwa baba wa muziki wao wa udi, alizaliwa Moshi, Tanganyika, mwaka 1924, akakulia Aden, kisha akaenda Hargeisa baada ya Vita Vikuu vya Pili. Bahari na jangwa havikuzuia uzi.

Kibangala chetu hakikuwa na bahati hiyo. Udi ulikipiku kwa mvumo. Aliyetukumbusha nyimbo zake, Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu wa mwaka 1939, mwenyewe alizipiga kwa udi, huku Ustadh Ahmed Sheikh Nabhany akimpa mashairi ya kale. Zein alifariki mwaka 2016, na Nabhany mwaka 2017. Mwenyezi Mungu awarehemu. Leo mti upo, ngozi ipo, na seremala yupo. Kinachotoweka ni sikio lijualo nyuzi zikazwe vipi, na mkono ujuao wimbo uanzie wapi.

Ndugu zetu wa Hargeisa walilitambua hilo katika shida. Mji wao uliposhambuliwa kwa mabomu mwaka 1988, walificha kanda za nyimbo, nyingine wakazifukia ardhini. Udi uliovunjika waweza kuchongwa mwingine. Sauti iliyopotea haichongwi.

Sasa mambo yanabadilika pande hizi. Bandari mpya ya Lamu ilifunguliwa mwaka 2021, na katika mradi huo huo imo barabara ya kutoka Lamu kupitia Ijara hadi Garissa. Katiba ya mwaka 2010 nayo imezipa kaunti jukumu la shughuli za utamaduni. Rai yangu ni kwamba fedha za utamaduni zisiishie katika kabati la kioo. Kaunti za Lamu na Garissa ziwalipe wazee wachache waliobakia wafundishe vijana, kibangala huku na kaban kule, na kila somo linaswe sauti. Gharama yake haifikii hata daraja moja dogo la barabara hiyo.

Najua wako masheikh wasioridhia ala za nyuzi, na ikhtilafu hiyo ni ya kale. Mimi siingii katika fatwa. Lakini hata asiyesikiliza uzi husikiliza shairi, na mengi katika mashairi yetu yamesafiri juu ya nyuzi hizo. Ngoma ikivunjika, yasemwa, hurudi kwa mwambaji. Tujiulize ikisharudi, ni nani atakayeipiga.