Presha na Dawa ya Mgongo: Jibu kwa Mwenzetu

Mwandishi aliyedai katika toleo lililopita kwamba mgonjwa wa shinikizo la damu, maadamu anameza enalaprili yake kila asubuhi, hana haja ya kumuuliza tabibu juu ya dawa nyingine anunuazo dukani, amemsahau mchukuzi wa Busia, ambaye baada ya kuvusha magunia ya mahindi kutoka upande wa Uganda hutuliza maumivu ya mgongo kwa kutafuna diklofenaki jioni kana kwamba ni njugu. Dawa hiyo, na ibuprofeni nduguye, huufanya mwili ushikilie chumvi na maji, hupandisha shinikizo na kuipunguzia enalaprili nguvu. Na akiwa anameza pia hidroklorothiazidi, ile dawa ya presha ya kukojosha, figo hubanwa pande tatu, hasa akiwa ameharisha au ameshinda juani bila maji. Parasetamoli kwa kipimo chake ingemfaa zaidi.

Kwamba dawa ni ileile ng'ambo zote mbili za mpaka, sikatai. Lakini majina ya biashara hutofautiana, na asiyesoma zile herufi ndogo chini ya jina kubwa aweza kumeza dawa moja mara mbili.

Ama mjamzito, ambaye mwenzetu hakumtaja kabisa, enalaprili humdhuru mtoto tumboni; aende hima zahanati abadilishiwe, kwani methildopa ipo.